Nyuma ya kitabu maiti na muuaji, ndani hamna kitu

SUALI: Assalaam alaykum. Mie mpenzi wa hadithi za upelelezi tangu niko skuli, yule mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla nimemsoma mpaka kurasa zikachomoka. Mwezi uliopita nilikuwa Unguja nikapita Darajani nikanunua riwaya, nyuma imeandikwa maiti imeokotwa pwani na kijana mmoja kaapa atamtafuta muuaji mpaka ampate. Nimerudi nayo Wete nimeisoma usiku kucha, hiyo maiti inatajwa huko katikati tu, mtu kazama mwenyewe, muuaji hayupo, kitabu chote ni mume na wake zake wawili. Na sifa tele kwenye kava za watu hata siwajui. Huyu mwandishi haoni haya? Na sheria haipo?
Msomaji, Wete

JAWABU: Waalaykum salaam dada yangu. Una haki ya kuudhika, pesa yako imekwenda na usingizi wako umekwenda. Lakini mwandishi usimlaumu kwanza, maana maneno ya nyuma mara nyingi si yake, huandikwa na mhariri au mtu wa mauzo kwa mchapishaji, na pengine huyo wa mauzo kitabu hajakisoma chote, kapewa muhtasari tu, tena mapema, mswada bado unahaririwa kwa sababu kava linatakiwa kwenye matangazo. Baadae mwandishi anabadilisha sura, anamtoa mtu huyu anamtia yule, na kava lishakwisha. Huo ni uzembe.

Lipo jengine la makusudi. Wanajua upelelezi unauzika, basi wanachukua kisa kimoja kidogo cha katikati wanakipeleka nyuma kama ndio hadithi yenyewe. Ukiangalia neno moja moja hukuti uongo, maiti ipo, kijana yupo, pwani ipo, ila ukiyasoma pamoja umeshadanganywa. Huu ndio unaoniuma khasa, kwa sababu wewe uliyemtaka muuaji hukumpata, na yule ambaye angeipenda sana hadithi ya wake wawili kaiona pale mezani kaipita, kaogopa maiti. Mwandishi kakosa msomaji wake wa haki, na wewe kitabu chake chengine hutokinunua tena, kweli si kweli?

Sasa hizo sifa. Wengi wanaosifu ni marafiki wa mwandishi au waandishi wa mchapishaji huyo huyo, wameombwa. Na ukiona nukta tatu katikati ya sifa jiulize pamekatwa nini, mtu anaweza kuandika kuwa mwanzo ni mzuri sana lakini baadae inachosha, kwenye kava ikabaki "mzuri sana..." basi. Mambo haya ya zamani. Mshairi wa Marekani Walt Whitman aliandikiwa barua ya pongezi kwa kitabu chake cha mashairi na mwandishi mashuhuri Ralph Waldo Emerson mwaka 1855, barua binafsi, mwaka wa pili yake akachukua sentensi moja akaichapa kwa dhahabu kwenye uti wa toleo jipya la kitabu hicho bila ya ruhusa, na toleo hilo lina mashairi ambayo Emerson alipoandika alikuwa hata hajayaona!

Na tuzo pia zisome vizuri. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wetu wa Unguja, kapewa Nobel ya Fasihi 2021 kwa kazi zake kwa jumla, hakuna kitabu kimoja kilichoshinda, kwa hiyo ukikuta Nobel juu ya kava ujue ni sifa ya mwandishi. Riwaya yake ya 1994, iliyotafsiriwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ilifika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker ya Uingereza, haikushinda. Kufika huko ni heshima kubwa sana, hakuna haja ya mtu kuiongezea chumvi.

Sheria ipo, Zanzibar tunayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na kumlinda mlaji ni kazi yake, lakini kwa riwaya moja ambayo kila neno lina kaukweli kake sikushauri upoteze nauli. Bora mwandikie mchapishaji, anwani yake iko ukurasa wa nyuma ya ule wenye jina la kitabu, mtajie toleo, mwambie maiti inatokea ukurasa gani na inaishia wapi, wakichapa tena kubadilisha aya moja hakuwagharimu kitu. Na siku nyengine ukiwa Darajani soma ukurasa wa kwanza pale pale umesimama, kisha fungua popote katikati usome mmoja mwengine, wauzaji wengi hawakatazi, ukurasa wa ndani hakuna mtu wa mauzo aliyeugusa.

Na nyinyi waandishi wetu mnaosoma hapa, tafadhalini, kwenye mkataba dai uoneshwe maneno ya nyuma kabla hayajakwenda kiwandani, na ukiona maiti ambayo si ya kitabu chako waambie waitoe.