Maswali na Majibu: Nauza nyumba Uyole, nitengeneze nini na niache nini?

Swali: Nina nyumba ya vyumba vitatu Uyole, Mbeya, ya matofali ya kuchoma, bati geji 30, iliyojengwa 2009. Nataka kuiuza kabla ya Novemba. Bati linavuja sehemu mbili, rangi inabanduka chini ya kuta za chumba cha nyuma, na kuna ufa kwenye kona ya dirisha la sebule. Nimetenga milioni tatu. Fundi ananishauri niweke marumaru sebuleni na dari ya jipsamu, anasema ndivyo vinavyovuta wateja. Nimsikilize?

Jibu: Kwa fedha hiyo, usimsikilize. Mnunuzi anayeijua mvua ya Mbeya hutazama dari kwanza, kisha chini ya ukuta, ndipo akumbuke sakafu. Akiona doa la maji, hata marumaru mpya zitamtia shaka kwamba kuna kitu kinafichwa. Anza na maji.

Panda darini saa sita mchana, zima taa, tafuta vitundu vya mwanga. Kwenye bati la umri huo, mara nyingi linalovuja ni tundu la msumari: mpira wa chini ya kichwa umekauka na kupasuka, au fundi aligonga mno bati likabonyea na maji yakatuama hapo. Msumari uliolegea usigongwe tena, utalegea tena. Ung'oe, weka skrubu ya bati yenye washa ya mpira, nene kuliko msumari wa zamani ili ishike mbao ya papi inayobeba bati, na ikae juu ya mgongo wa bati, si bondeni. Kupaka lami pekee ni kujidanganya. Baridi ya usiku na jua la mchana hulikunja na kulinyoosha bati, na lami hupasuka kabla msimu wa mvua haujaisha. Angalia pia bati zinavyolaliana pale panapovuja: kwa urefu zisipungue sentimita 15.

Chumba cha nyuma ndicho kitakachokula fedha, na ndicho ambacho mafundi wengi hukiharibu. Wanakwangua, wanapaka rangi ya mafuta, wiki chache baadaye inavimba. Matofali ya kuchoma hunyonya maji, na nyumba nyingi za aina hii hazina nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Toka nje uangalie. Ukikuta udongo umepanda hadi usawa wa sakafu ya ndani, au michirizi ya maji yanayodondoka kutoka kwenye bati lisilo na gata, umeshapata chanzo. Chimba udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu, funga gata, kisha mwaga jamvi la zege kuzunguka nyumba, upana sentimita 75, unene sentimita 7.5, likiinama kuelekea nje sentimita 2.5 kwa kila mita. Nyumba ya mita 10 kwa 9 itahitaji zege kama mita za ujazo 2.3. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), hiyo ni mifuko 10 hivi ya saruji. Acha mkato kila baada ya mita mbili, la sivyo zege litajichagulia lenyewe pa kupasukia.

Ndani, bandua lipu hadi sentimita 30 juu ya mwisho wa alama ya unyevu. Unga mweupe wa chumvi uondoe kwa brashi kavu; ukiuosha unairudisha chumvi ukutani. Uache ukuta ukauke kiangazi hiki, kisha piga lipu mpya, ndoo moja ya saruji kwa tano za mchanga uliochekechwa. Subiri wiki nne kabla ya rangi. Kwa hiyo kazi hii ianze sasa. Ukiianza Oktoba, mvua itakukuta na ukuta mbichi.

Ufa usiuzibe leo. Bandika donge dogo la jipsamu juu yake, andika tarehe, subiri wiki sita. Donge likibaki zima, ufa umetulia: upanue kwa patasi, funika kwa wavu wa kuku unaozidi sentimita 15 kila upande, piga lipu. Likikatika, au ufa ukifuata viungo vya matofali kama ngazi na kuzidi milimita 5, mwite mhandisi. Huenda linta, yaani boriti ya juu ya dirisha, ni fupi, au msingi unashuka kwa sababu ya maji yaleyale ya bati. Ufa wa namna hiyo mwambie mnunuzi wazi na mpunguzie bei. Hata ukiufunika, utafunguka.

Doa la dari lipake kwanza rangi ya mafuta, kwa sababu doa la maji hupenya rangi ya maji hata ukiirudia mara tatu. Kuta za chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 2.7, zina kama mita za mraba 34 ukitoa mlango na dirisha. Lita moja hutosha takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili ni lita 7, na ndoo ya lita 20 inakaribia kumaliza vyumba vitatu. Chagua rangi iliyopoa, nyeupe ya maziwa au ya krimu.

Soketi zilizovunjika, swichi, vitasa, koki: badilisha, ni kazi ya siku moja. Tone la wino kwenye tangi la choo litakuonyesha kama linavuja. Usivute maji nusu saa. Wino ukionekana kwenye bakuli, badilisha mpira wa valvu.

Makabati ya jikoni, geti jipya na marumaru mwachie mnunuzi, kila mtu ana macho yake. Na kila saruji, gata na skrubu dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki: Mamlaka ya Mapato (TRA) hukata kodi kwenye faida ya mauzo, na gharama za kuboresha nyumba zenye ushahidi huipunguza faida hiyo.