Kiruna bila gari? Anzia Abisko

Ndugu, kwa vile uko Kiruna, kaskazini mwa Uswidi, bila gari na unataka pa kutembea na kuona wanyama, panda treni ya kwenda Narvik, Norwe, shuka kituo cha Abisko Turiststation. Hapo hapo pana korongo la mto Abiskojåkka, na Kungsleden, njia ndefu ya kutembea kwa miguu, inaanzia hapo. Usijitie kuimaliza, ni kilomita 440 hivi! Fuata mto, ukichoka geuza.

Kulungu wa Aktiki (reindeer) utakaowakuta njiani si wa porini, ni mifugo ya Wasami, wenyeji wa asili wa huko, kwa hiyo usiwakimbize hata kwa picha. Älg (moose kwa Kiingereza), yule kulungu wa porini mrefu kama farasi, mvizie alfajiri penye vichaka vya mierebi.

Julai beba chandarua cha kichwa. Mbu wa kule hawana malaria, ila ukifungua mdomo unawameza.