Uji Mwepesi Ulinipotezea Miezi Mitatu

Jumanne nilitoka kliniki na binti yangu mgongoni. Ametimiza miezi tisa, kilo 8.6. Muuguzi aliweka nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya mwezi uliopita, na mstari ukapanda. Sikutaka hata bajaji. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani Pasua, hapa Moshi, kadi mkononi. Ndiyo, najisifu, na nina sababu.

Jioni hiyo nikakuta ujumbe wa msomaji wa Usa River: "Dada, shikamoo. Mwanangu ana miezi mitano na wiki mbili. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mepesi, ndiyo maana mtoto halali, tumwanzishie uji. Naomba mchanganyiko wako wa lishe. Unaweka nafaka ngapi?"

Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Hilo swali la nafaka ngapi ndilo lililonitesa mimi mwenyewe, na wamama wenzangu wengi mnaonisoma najua mko hapo hapo.

Mtoto wangu wa kwanza alifikisha miezi sita mwaka 2019. Nilijiandaa kama mtu anayeandaa harusi. Nilikwenda soko la Mbuyuni nikanunua mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, na vingine hadi vikatimia kumi na viwili. Nikaosha, nikaanika, nikakaanga vya kukaanga, nikapeleka mashine. Kila ndugu aliyekuja kumwona mtoto nilimfunulia lile kopo, na wote walinisifu. Nilipika uji, nikauchuja, na kwa kuogopa asije akapaliwa nikauongeza maji mpaka ukapita kwenye chuchu ya chupa, ambayo nayo niliitanua tundu kwa sindano ya moto. Nikatia sukari. Alikuwa anamaliza chupa nzima, tumbo linakaza kama ngoma, analala. Nikaamini ameshiba.

Miezi sita alikuwa na kilo 7.4. Miezi tisa, kilo 7.6.

Ile siku ya kilo 7.6 sijaisahau. Benchi limejaa watu, na muuguzi akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Mama, nyumbani mnakula nini ninyi, na huyu mnamwachia nini?" Wanawake wakageuka. Mimi nilikuwa na mayai na nyama kwenye friji nyumbani, ila vilikuwa chakula cha wakubwa. Mtoto alikuwa na lishe yake kwenye kopo. Sikujibu neno. Nilimfunga mtoto mgongoni huku mikono inatetemeka. Hadi leo nikipita karibu na kituo kile moyo unaenda mbio, na nasema wazi kwamba yule muuguzi sijamsamehe yote. Mama aliyebeba mtoto wake hadi mizani amekuja kuomba msaada. Kumuumbua mbele za watu kunamfanya asirudi mwezi unaofuata, na mimi nilikosa mwezi mmoja kweli.

Aliyeniokoa ni mhudumu wa lishe, mama mtu mzima, aliyenifuata nje kivulini. Hakuuliza habari ya nafaka. Aliuliza kitu kimoja: uji wa mtoto ukiuchota na kuinamisha kijiko, unamwagika au unabaki? Nikasema unamwagika. Akaniambia tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo, nikilijaza maji nafasi ya chakula inatoka wapi?

Kuanzia siku hiyo nimekuwa mtu wa kijiko. Chakula cha mtoto kibaki kwenye kijiko. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Na ule unga wa nafaka kumi na mbili niliuacha kabisa. Karanga na mahindi ndivyo vinavyoshikwa sana na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na ukishasaga vyote pamoja huwezi tena kuona punje mbovu. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na Manyara si mbali na sisi. Halafu nafaka na mikunde ikirundikana hivyo inauzuia mwili usifyonze vizuri madini ya chuma, wakati akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakuwa imepungua sana ifikapo miezi sita. Na akitokwa na vipele, katika vitu kumi na viwili utamshika mchawi yupi? Ukitaka uji, pika wa ulezi peke yake, uwe mzito, ukikaribia kuiva koroga yai ndani yake na uliache liive sawasawa.

Huyu binti nilimwanzishia siku ya 180 kamili, na ndizi mshare, ile ya kupika. Nilimenya moja, nikaichemsha na kipande cha nyama hadi ikalainika kabisa, nikaiponda kwa mwiko, nikalainisha kwa maziwa yangu mwenyewe niliyokamua. Mtori mnaompikia mzazi, ndiyo huo huo bila chumvi wala pilipili. Alikula vijiko viwili, cha tatu akakitema. Sikumlazimisha. Siku tatu alikula hicho tu, ndipo nikaongeza parachichi, baadaye kiazi lishe, baadaye mchicha. Wiki ya pili nikaanza maini: nayachemsha yaive, nakwaruza kwa kijiko cha chai, nachanganya na ndizi, mara moja kwa wiki inatosha. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu nilimpa pia, lakini miiba nilitoa kwa vidole, mara mbili, taa imewashwa. Mara mbili kwa siku mwanzoni, tukafika tatu, na nusu kikombe kila mlo alipokaribia miezi minane. Ziwa aliendelea kunyonya kila alipotaka, na ataendelea hadi miaka miwili.

Sasa wewe mdogo wangu wa Usa River. Maziwa yako si mepesi. Mtoto wa miezi mitano kuamka usiku ni kawaida, na uji hautamlaza. Wiki mbili zilizobaki mnyonyeshe tu, hata maji usimpe. Mama mkwe usibishane naye jikoni. Mwombe akusindikize kliniki, mhudumu aseme mbele yake, maana likitoka kwako litaonekana ni ujeuri. Wangu nilimpa kazi ya kuchagua mshare shambani kwake Machame, na leo anawafundisha majirani habari ya kijiko kana kwamba aliigundua yeye. Namshukuru Mungu.

Lakini kwa upande wenu huko kuna jambo ambalo silinyamazii. Maji ya maeneo mengi ya chini ya mlima Meru yana floraidi nyingi, na meno ya kahawia mnayaona wenyewe. Ikizidi sana inapinda hata mifupa ya mtoto. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi. Kama mna tangi, maji ya mvua yawe ya mtoto kwanza, nayo uyachemshe. Na magadi, jamani, magadi! Tunayatia kwenye kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage, na kwenye maharage ili yaive haraka, na magadi yenyewe yana floraidi. Maharage ya mtoto yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa moto wa subira, ponda, toa maganda. Asali pia hapana kabla ya mwaka mmoja, hata akikohoa, hata bibi akisema ninyi mmekua nayo. Inaweza kubeba vijidudu vyenye sumu inayolegeza misuli ya mtoto mchanga hadi pumzi.

Wamama, acheni kutumiana picha za makopo ya unga. Tumianeni picha ya kijiko kilichoinamishwa.

Soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi, kwako ni jirani. Zikibaki siku chache, chukua mshare zilizokomaa ambazo bado ni za kijani, na parachichi mbili ngumu uzifunge kwenye gazeti. Zitakuwa zimelainika siku mtoto anatimiza 180.