Anayekufuata hotelini usiku: bei yake, sheria zake, na niliyoyaona mezani Kisumu

Ndugu yetu wa Nakuru ameuliza hivi: anakuja Kisumu wiki tatu kufunga mitambo, atalala hotelini, na kwenye simu ameona matangazo ya wanawake wanaouza ngono na kumfuata mteja chumbani. Mmoja amemwambia elfu tatu, halafu akamwomba mia tano ya nauli kwanza. Anataka kujua kama hiyo ndiyo bei yenyewe na sheria ya Kenya inasema nini. Naona walionitangulia kumjibu wamemcheka, wengine wamemhubiria. Mimi nimekaa miaka sita kwenye meza ya mapokezi, zamu ya usiku, katika hoteli moja ya wastani huku Milimani. Haya mambo yamepita mbele yangu karibu kila wiki, na nimeona watu wazima wakilia kwa sababu hakuna aliyewaeleza mapema. Nitakueleza yote.

Tuanze na hiyo mia tano. Usiitume.

Sote tunajua maana ya kula nauli, yaani kutumiwa nauli halafu usitokee, lakini huenda hujui inavyofanywa kama kazi. Mtu anaweka picha nzuri, anajibu haraka, anakubali kila unachotaka, na bei yake iko chini kidogo ya wengine. Ukishatuma ya nauli, hakwambii asante na kupotea. Anaendelea. Niliwahi kuwa na mgeni, muuzaji wa dawa za mifugo, aliyeshuka mezani saa tano usiku kuniuliza kama kuna dada amefika kumtafuta. Alikuwa ametuma mia tano. Baada ya nusu saa akashuka tena: ameombwa elfu moja na mia mbili za "usalama". Nikamsihi aache. Akapanda juu, na saa sita akashuka mara ya tatu akiwa ametuma elfu mbili ambazo ati angerudishiwa mkononi dada akifika. Akanionyesha picha. Ile picha niliijua, kwa sababu mgeni mwingine alinionyesha hiyo hiyo majuma mawili nyuma, ikiwa na jina tofauti. Tukapeleka ujumbe wa Mpesa kwa 456 kuomba pesa irudishwe, lakini ilikuwa imeshatolewa kwa wakala. Ikishatolewa, imeenda.

Kwa hivyo angalia jina linalotokea kwenye simu unapotaka kutuma. Kama tangazo linasema Sherry na simu inakuonyesha jina la mwanamume, acha hapo hapo. Na ukishagundua ni tapeli, ile namba iripoti kwa Safaricom kwa kutuma ujumbe kwenda 333, ili mwenzako asiliwe kesho.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana watu wengi wakishaambiwa kuhusu utapeli wanadhani kila anayeomba nauli ni mwizi. Si hivyo. Usiku mmoja wa mvua, kama saa saba, aliingia dada mmoja kwetu amelowa, viatu mkononi, boda akimsubiri langoni. Akataja namba ya chumba. Nikapiga simu ya chumbani, kimya. Akapiga ya kwake, imezimwa. Mgeni alikuwa amebadili nia, akalala. Boda kutoka Nyalenda usiku ule alitaka mia mbili na hakutaka kusikia habari ya kesho. Askari wetu wa lango ndiye aliyelipa. Yule dada alikaa kwenye kiti cha pale mapokezi mpaka matatu za kwanza zilipoanza kuita, akikausha viatu kwa gazeti, hakusema neno. Tangu usiku huo sikuwahi tena kumwona anayeomba nauli kama mtu wa kushukiwa moja kwa moja. Anajikinga na watu kama yule wa chumbani.

Njia inayowafaa wote wawili ni hii: mwambie dada apande boda, na utamlipa boda wewe mwenyewe langoni akifika, kwa pesa taslimu au kwa namba ya boda. Anayekuja kweli hukubali. Tapeli atakupa sababu kumi. Na ukishakubaliana hivyo, shuka. Usizime simu. Nauli yake ya kurudi nayo uihesabu kuwa ni yako, iwe juu ya ile bei.

Turudi kwa elfu tatu. Swali lako ni kama hiyo ndiyo bei, na jibu ni kwamba bado hujaambiwa bei. Umeambiwa nusu ya sentensi. Elfu tatu ya nini? Huku kwetu mtu anaweza kusema shoti akimaanisha mara moja tu, hata ikiwa dakika kumi na tano. Mwingine anahesabu kwa saa. Mwingine anasema kulala, na hapo pia kuna anayeondoka saa kumi na moja alfajiri na kuna anayetarajia chai. Ugomvi mkubwa kuliko wote niliowahi kuamua ulikuwa wa neno hili moja. Ghorofa ya pili, saa nane usiku, mlango wazi, mwanamume amejifunga taulo anadai alilipia usiku kucha, mwanamke ameshika mkoba anasema alilipwa ya shoti na muda umepita. Nikawauliza mliandikiana nini. Wakafungua simu zao. Wote wawili walikuwa wameandika "3k sawa" na kidole gumba. Hakuna aliyesema uongo. Hawakuwa wameulizana tu.

Kwa hivyo kabla hajapanda boda, uliza wazi: ni ya muda gani, ni ya nini na nini, nini hafanyi kabisa, nauli ni ndani au nje, na unalipa saa ngapi. Wengi hulipwa wakifika, kabla ya lolote, na mimi naona hiyo ni haki yao, kwa sababu kuna wanaume wanaomaliza halafu wanaanza kutafuta kasoro. Mlipe mkononi, ahesabu mbele yako, basi. Bei ikishakubaliwa usianze kuivuta mlangoni. Mtu ametoka Kondele saa sita usiku na wewe unamwambia una elfu moja na nusu tu? Hiyo ni kumdhulumu, na ndiyo inayozaa kelele zinazoniamsha mimi.

Kipengele kimoja hakina bei: kondomu. Ukimwongezea mtu pesa ili aache kuitumia, unanunua shida ya watu wawili na ya mkeo kama unaye. Kondomu za bure zipo kwenye zahanati na hospitali za umma. Na ikitokea imepasuka, usikae chumbani ukihesabu siku. Nenda hospitali ya umma iliyo karibu, hapa Kisumu watu wengi hukimbilia ile tunayoiita Russia, ueleze ilivyotokea na uombe dawa za PEP, zile za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya kuwa hatarini. Lazima uzianze kabla ya saa 72 kupita, mapema zaidi ni bora, na unazimeza siku 28 bila kuruka. Mwambie na yeye aende. Nimewahi kumpeleka mgeni mwenyewe asubuhi baada ya zamu, kwa sababu alikuwa anatetemeka na hajui pa kuanzia, na alihudumiwa bila kuulizwa dini wala kabila.

Gharama nyingine watu huisahau, nayo ni ya chumba. Ukilipia chumba cha mtu mmoja, hoteli inahesabu mtu mmoja. Kwetu mgeni wa usiku analipiwa mia nane zaidi, anaandikwa kitabuni, na kitambulisho chake tunakiangalia. Hoteli nyingine hazikubali kabisa mgeni baada ya saa nne. Nyingine hazijali. Wiki ya Africities, ule mkutano mkubwa wa miji ya Afrika, Mei 2022, mji ulipojaa mpaka vyumba vikawa havipatikani, ile ada ya mtu wa pili ilipanda pamoja na kila kitu kingine. Uliza mezani ukiwa unaingia, mchana, kwa sauti ya kawaida: "Nikipata mgeni wa usiku, nalipa ngapi na mnahitaji nini?" Hatushangai. Kinachotuudhi ni mtu anayejaribu kumpitisha mwenzake mlango wa jikoni. Na wengine huja kutupa mia mbili ili tusimwandike mgeni wao. Mimi sikuwahi kuipokea. Kile kitabu ndicho kinachomlinda mgeni, na kinamlinda yule dada vilevile: likitokea jambo, kuna jina na saa.

Kitambulisho kina kazi nyingine, na hapa sitanii hata kidogo. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiulizi kama alikubali au kama ulilipa. Hata akiwa na miaka 16 au 17, kifungo hakipungui miaka 15, na akiwa mdogo zaidi miaka inapanda mpaka maisha. "Aliniambia ana ishirini" si kinga ya kutegemea. Ukimfungulia mlango ukaona ni mtoto, usiingie naye. Shuka naye mezani, na namba ya kupiga ni 116, ya kuwasaidia watoto, haina malipo. Na ukiona dada mtu mzima ameletwa na mtu anayeshika simu yake na kupokea pesa yake, hathubutu kukuangalia usoni, huyo huenda hakuja kwa hiari. Kuna Sheria ya kupambana na biashara ya binadamu ya 2010 kwa ajili ya hilo. Usifanye naye lolote. Piga 1195, ya ukatili wa kijinsia, au 999 ya polisi.

Kuhusu sheria kwa ujumla, watu huchanganya. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, haijaweka kosa linaloitwa kuuza ngono kwa mtu mzima mwenyewe. Inachoadhibu, kuanzia kifungu cha 153 hadi 156, ni kuishi kwa mapato ya anayeuza, kumtafutia wateja hadharani, na kuendesha nyumba ya biashara hiyo. Ndiyo maana hoteli yenye akili haitakutafutia mtu, na mfanyakazi anayekuletea namba kwa kamisheni anajiweka pabaya. Juu yake kuna sheria ndogo za miji na kaunti, ambazo askari huzitumia kukamata watu mtaani. Usidhani basi kwamba mambo ni huru. Dada anayekuja kwako anabeba hatari ya kukamatwa njiani kuliko wewe uliye chumbani, na hilo pia limo ndani ya bei yake.

Na kulipa hakukupi mwili wa mtu. Akisema hapana katikati, ni hapana. Ukilazimisha ni ubakaji, kifungo chake hakipungui miaka 10, na mahakama haitakuuliza risiti. Kama pesa inabaki kuwa ya mabishano, ibishanieni mkiwa mmevaa.

Picha vilevile. Usimpige picha, na usikubali kupigwa picha. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inamtia hatiani anayesambaza picha za faragha za mwenzake, faini hadi laki mbili au jela hadi miaka miwili, au vyote. Wapo pia matapeli wa vitisho: siku ya pili unapigiwa na "afisa" anayesema yule dada uliyemwandikia ni mtoto, mzazi yuko kituoni, tuma elfu ishirini faili lifungwe. Hata kama hukukutana na mtu yeyote! Polisi hawafungi faili kwa Mpesa. Usitume hata shilingi, weka ujumbe wote, nenda kituoni uandikishe na upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Ndiyo maana nakuambia usimtumie mtu wa tangazo picha ya kitambulisho chako wala jina la kampuni yako.

La mwisho ni mchele, yaani dawa ya usingizi inayotiwa kwenye kinywaji ili mtu aibiwe. Nimemkuta mgeni chumba cha 14 saa saba mchana, msafishaji aliniita kwa sababu mlango haukufungwa. Alilala kifudifudi, viatu miguuni, kwenye meza chupa mbili za bia, moja imejaa. Alipumua kwa kukoroma, mapovu mdomoni. Tulimgeuza ubavu, tukamkimbiza hospitali, akaamka jioni hajui siku. Simu, kompyuta ya kazi, na pesa ya Mpesa viliondoka, kwa sababu PIN alikuwa ameibonyeza mbele ya aliyekuja naye. Huyo hakumwagiza kwenye simu, alimpata baa. Mgeni hakuandikwa kitabuni, kwa sababu zamu ile mwenzangu alipokea mia mbili.

Kwa hivyo kinywaji fungua mwenyewe, ukienda msalani kikiwa wazi kimwage, na kompyuta ya kazi ilete mezani tukufungie. Yeye pia mruhusu afungue cha kwake, kwa sababu na wao huwekewa. Dada wengi wanaokuja kwetu hutuma kwa rafiki jina la hoteli na namba ya chumba kabla ya kupanda ngazi, na rafiki hupiga baada ya muda fulani. Simu ikiita, mwache aipokee.