Mwanangu, kuhusu ile picha yako iliyoondolewa

Malindi

Mwanangu mpendwa,

Waalaykumu salaam. Umeniuliza kama picha yako ilistahili kutolewa katika lile shindano la uchoraji la mtandaoni, na kama ulalamike au uyaache yapite. Unasema umeniuliza mimi kwa kuwa nimekaa miaka na miaka nikiamua michoro ya watoto wa shule. Basi nitakujibu kama mwalimu wa sanaa kwanza, umama utafuata.

Nimeitazama. Wanaume wawili wameketi ukingoni mwa gati, mmoja kavaa kikoi, mwingine suruali na shati, vidole vimeshikana, kichwa cha mmoja kimelala begani mwa mwenzake. Hakuna aliye uchi. Ile nyingine uliyonitumia, iliyobaki na kupigiwa kura, ni ya mwanamume na mwanamke wanaobusiana ndani ya maji, nguo zimewaganda mwilini. Mada ilikuwa mapenzi. Kanuni zinakataza uchi, damu na matusi. Yako wakaandika kwamba "haifai kwa watu wa rika zote". Kwa kanuni hizo, kama ipo iliyokaribia mpaka, si yako.

Usidhani nasema hivi kwa sababu imani yangu imegeuka. Unaijua ilivyo. Lakini muuza duka akiwa na vibaba viwili, kimoja cha kununulia na kingine cha kuuzia, mteja haulizwi anasali wapi ndipo tuseme amepunjwa.

Kilichonichekesha, huku kwetu wanaume hutoka msikitini wameshikana mikono mpaka sokoni na hakuna anayegeuza shingo. Ungeitundika picha hiyo kwa muuza kahawa, wazee wangesema hao marafiki wanapunga upepo. (Najua hukuchora marafiki. Mama yako si mjinga.) Kwa hiyo kosa waliloliona halimo mikononi wala begani. Limo katika kujua hao wawili ni nani, na hilo halikuandikwa popote katika kanuni zao.

Wala si lazima awepo mtu mmoja aliyekaa akakuchukia. Mashindano kama hayo huwa na kitufe cha kuripoti, na mara nyingi picha iliyoripotiwa na wengi hufichwa kwanza, maswali baadaye. Ya wapenzi wa jinsia moja huripotiwa hata ikiwa imefuata kila sharti. Ya bwana na bibi watu huipita tu. Na programu za kuchuja picha hujifunza kutokana na maamuzi ya watu hao hao. Mwaka 2009 vitabu vingi vinavyowahusu wapenzi wa jinsia moja vilitoweka katika orodha za mauzo za Amazon kwa kuhesabiwa kuwa vya watu wazima. Kampuni ikasema ni kosa la kupanga orodha, lililogusa vitabu 57,310. Pengine ni kweli.

Wakati mwingine basi ni mtu kabisa. Mwaka 2019 meya wa Rio de Janeiro alitaka kitabu cha katuni kiondolewe kwenye maonyesho ya vitabu kwa sababu ya mchoro wa vijana wawili wakibusiana, nao wamevaa nguo zao zote. Gazeti la Folha de S.Paulo likauchapisha mchoro huo ukurasa wa kwanza, na mahakama ya juu ikamzuia meya. Kwetu, bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki, filamu ya wasichana wawili wanaopendana, mwaka 2018, kisha Mahakama Kuu ikaifungulia kwa siku saba, na watu wakajaa kuitazama. Walau bodi ilisema waziwazi inakataa nini. Hao waandaaji wako wamejificha nyuma ya watoto. Wangeandika tangu mwanzo kwamba picha za namna hiyo hawapokei, ningewaona wagumu, lakini usingepoteza wiki zako kuchora.

Kwa hiyo ndiyo, lalamika. Waandikie kwa ufupi, bila matusi na bila kuwasimulia maisha yako. Waulize ni kanuni ipi uliyovunja, waitaje. Ambatanisha picha zote mbili. Usiombe ile nyingine iondolewe, mchoraji wake hajakukosea. Waulize pia kama yako iliamuliwa na mtu au na mashine, maana kama ni mashine, omba mtu aitazame. Wasipojibu, ipeleke penye waamuzi wanaotangaza vigezo vyao mapema.

Sasa umama. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaadhibu tendo la kujamiiana kwa wanaume, si mchoro, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikiacha kama kilivyo. Lakini majirani hawasomi vifungu, na ami yako ana duka hapa. Kwenye picha hiyo tia jina lako la kazi, la ukoo liache. Ukiona nakuonea, nipigie tubishane.

Na huyo wa kushoto, kidole gumba umekipachika upande usio wake. Kirekebishe kabla hujaituma tena. Hicho kweli ningekukatia alama.

Mama yako