Mwanafunzi aamue kabla ya kuoneshwa kinachofuata

Ndugu mleta mada, umeuliza chuo chenu kinunue programu gani ili wanafunzi wa uuguzi wajifunze kufanya uamuzi mbele ya mgonjwa. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi na ukunga, na nimeona kwamba programu ina uzito mdogo kuliko namna taarifa za mgonjwa zinavyotolewa.

Mwanzoni niliwaonesha video nzuri kuhusu kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kisha nikawapa maswali ya kuchagua. Walifaulu, lakini wodini walijaza vipimo kwenye faili bila kujiuliza vinasema nini. Nilikuwa nimewapa tatizo likiwa tayari na jina, ilhali mama aliyelala kitandani haji na jina hilo.

Sasa natumia kundi la WhatsApp na fomu ya kujaza kwenye simu. Asiye na simu janja hujibu kwa karatasi. Ujumbe wa kwanza: mama amejifungua dakika 15 zilizopita, mapigo 88, presha 112/70. Wa pili: mapigo 104, presha 110/70, anaomba maji. Wa tatu: mapigo 118, presha 106/68, pedi ya pili imelowa. Baada ya kila ujumbe mwanafunzi huandika alichokiona, anachodhani kinatokea na atakachofanya, na akishatuma harekebishi. Ndipo ujumbe unaofuata hutoka.

Mwaka 2006 Christine Tanner wa Marekani alieleza uamuzi wa muuguzi kwa hatua nne: kutambua, kufasiri, kutenda na kutafakari. Wanafunzi wangu hukwama kwenye ile ya kwanza. Kwa ujumbe wa pili, wengi waliandika, “Presha nzuri, apumzike.” Mmoja akaandika, “Kwa nini ana kiu? Nafunua shuka, nashika tumbo.” Jibu hilo tulilijadili karibu kipindi kizima, maana mapigo hupanda mapema wakati mishipa iliyojibana bado inaishikilia presha, na mapigo yanapoipita namba ya juu ya presha, kama katika ujumbe wa tatu (118 dhidi ya 106), mama yuko hatarini hata kama presha ikisomwa peke yake inaridhisha.

Kesi zitungwe, picha au majina ya wagonjwa halisi yasiingie kwenye simu za wanafunzi. Bajeti ikiwepo, chagueni programu inayomzuia mwanafunzi kurudi kubadili jibu na inayomwonesha mkufunzi maneno aliyoandika kila mmoja. Isipokuwa na hayo mawili, fedha hizo ningenunulia doli la kufundishia namna ya kumzalisha mama.