"Chumba hiki kinalala watu wanne": kiima ni kipi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya isimu hapa Dar es Salaam, na data yangu ni mazungumzo ya madalali wa vyumba wa Sinza na Manzese. Msimamizi wangu amesema nitumie nadharia ya uamilifu, yaani inayoeleza muundo wa lugha kwa kutazama kazi yake katika mawasiliano, lakini nimekuta ya Halliday, ya Dik na ya Van Valin. Zinatofautianaje kuhusu muundo wa kishazi? Sentensi inayonisumbua zaidi ni "Chumba hiki kinalala watu wanne."

JIBU: Marahaba. Sentensi hiyo ishikilie, maana ndiyo itakayokuonyesha tofauti haraka kuliko sura nzima ya mapitio ya maandishi.

Itazame kwanza yenyewe. Kitenzi kinapatana na chumba, ingawa wanaolala ni watu. Je, "watu wanne" ni yambwa? Jaribu kuweka kiambishi chake: "kinawalala" haisemeki. Jaribu kauli ya kutendwa: "watu wanne wanalalwa na chumba" haikubaliki pia. Kwa hiyo jibu la shuleni, kiima na yambwa, linakwama hapo hapo.

Halliday, ambaye kitabu chake kikuu cha sarufi kilitoka 1985, angekigawa kiima mara tatu. Chumba ni kiima cha kisarufi, tena ndicho mwanzo wa ujumbe. Watu ndio watenda. Uchambuzi huo unasaidia sana ukitaka kujua dalali anaupangaje ujumbe wake. Ugumu unakuja kwenye uchambuzi wake wa kiima na kitenzi chenye njeo, uliojengwa juu ya Kiingereza, ambako kubadilishana nafasi kwa viwili hivyo huzaa swali. Sisi tuna "ki-na-lala" ndani ya neno moja, na swali tunaliuliza kwa kiimbo au "je".

Dik, wa Amsterdam, alianza kuichapisha nadharia yake 1978. Kwake kiima ni mtazamo tu: tukio lile lile linatazamwa kutoka upande wa nani? Alipanga ngazi inayoanzia kwa mtenda na mtendwa, ikapita mpokeaji, mtendewa (anayefanyiwa jambo kwa manufaa yake) na ala, hadi mahali na wakati. Kadiri unavyoshuka ndivyo inavyokuwa vigumu kupewa nafasi ya kiima. Chumba chako kiko karibu na chini kabisa, na Kiswahili kimekiruhusu bila hata kubadili umbo la kitenzi. Hilo linastahili kurasa kadhaa katika tasnifu yako.

Van Valin, aliyeandika na Foley 1984 kisha na LaPolla 1997, hakubali kwamba kila lugha lazima iwe na kiima. Alianza kwa kujiuliza nadharia ingekuwaje kama ingejengwa juu ya Kilakhota cha Marekani, Kitagalogi cha Ufilipino na Kidyirbal cha Australia badala ya Kiingereza. Kishazi chake kina matabaka: kiini ni kiarifu, kitovu ni kiarifu pamoja na vijalizo vyake (wahusika kinaowahitaji), na pembezoni hukaa mambo kama "kwa sasa". Halafu huuliza ni kijenzi gani, yaani kipande gani cha kishazi, chenye upendeleo katika muundo huu mahususi. Unganisha vishazi: "Chumba hiki kinalala watu wanne na kina choo ndani." Kinachoendelea upande wa pili ni chumba. Umepata ushahidi bila kulazimisha jina la kiima.

Angalia pia sentensi kama "Ile nyumba ya Sinza, mwenye nyumba amepandisha kodi." Halliday na Dik wote wana kitu wanachokiita mada. Ya Halliday ni mwanzo wa kishazi chenyewe. Ya Dik imekaa nje ya kishazi, kama "ile nyumba ya Sinza". Ukizichanganya, majedwali yako yote yataharibika.

Kwa swali la muundo wa kishazi, mimi ningekushauri Van Valin awe kiunzi, na Dik umtumie kwenye vipande vinavyokaa nje. Halliday mchukue ikiwa swali lako litahamia kwenye matini nzima. Nadharia ya Bresnan na Kaplan, Lexical-Functional Grammar, usiiingize kundi hili kwa sababu tu jina lake lina uamilifu: hapo wanamaanisha dhima za kisarufi kama kiima na yambwa, na misingi yake ni ya sarufi zalishi, mkondo ulioanzishwa na Chomsky.